Kabla ya Fomu

Nkwabi aliletwa juu ya mlango. Ndugu zake waliung'oa kwenye kibanda chao machimboni, wakamlaza juu yake, wakambeba mabegani hadi barabara ya Kharumwa, na huko wakapata lori lililokuwa likirudi tupu baada ya kushusha magogo. Sasa mlango ule ulikuwa umelazwa sakafuni kwenye veranda ya Hospitali ya Bulyang'ombe, kitasa kikiwa bado kinaning'inia, na Nkwabi juu yake alitetemeka kama mwenye baridi, ingawa ilikuwa saa tatu asubuhi na jua lilishaanza kuchoma.

Mvua za mwaka ule wa tisini na nane zililainisha ardhi mpaka maduara, yale mashimo ya dhahabu, yakawa yanatitia yenyewe. Duara la Nkwabi lilititia na gogo la kuegemeza ukuta likampiga pajani. Mtu alikuwa amelifunga paja kwa mkono wa shati. Mkono ule wa shati ulikuwa umeshalowa, na damu ilikuwa imeanza kupita katikati ya mbao za mlango.

Nesi Apolonia alipiga magoti, akashika mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono. Yalikuwa yanakimbia, madogo mno. Akainuka kwenda kuchukua dripu.

"Fomu iko wapi?"

Aliyeuliza alikuwa Matroni Klara, mkuu wa wauguzi, amesimama kizingitini na mikono kaikunja kifuani.

"Kaka yake ameifuata polisi," Apolonia alisema. "Matroni, huyu hawezi kungoja. Niruhusu nimwekee maji tu."

"Unajua utaratibu. Majeruhi bila PF3 haguswi. Unajuaje kama hakupigwa kwenye wizi? Ukimgusa akafa, nani ataitwa mahakamani? Ni wewe na Dakta."

"Duara limemwangukia."

"Ulikuwepo?"

Apolonia hakuwepo. Alikuwa na miaka kumi na tano kazini na watoto watatu Ushirombo kwa mama yake. Alimfunika Nkwabi shuka, akamlowanisha midomo kwa pamba, akangoja. Nkwabi alimwita mayu, mama, ingawa walilingana umri. Akamwomba maji. Saa nne ikapita, na saa tano. Kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya soko, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, lakini askari mwenye ufunguo wa kabati la fomu alikuwa amekwenda msibani.

Saa saba na dakika kumi mchana, Nkwabi aliacha kutetemeka. Saa saba na nusu kaka yake akaingia mbio, jasho likimtiririka, ameishika karatasi juu ya kichwa ili isilowe. Fomu ilikuwa imejazwa vizuri, na ilikuwa na muhuri. Matroni Klara akaipokea, akaisoma mpaka chini, akaitoboa na kuiweka kwenye faili.

"Tulikwambia mapema uanzie polisi," alimwambia.

Kaka mtu aligeuka. Alimtazama Apolonia. Hakuwa na hasira machoni, na hilo ndilo aliloshindwa Apolonia kulivumilia. Alitazama kama mtu anayetaka kuelekezwa sehemu nyingine ya kwenda kuuliza.

*

Juma lile Apolonia alianza kubaki mapokezi baada ya zamu. Alitoa rejesta za majeruhi kabatini, za miezi kumi na minne, akakaa nazo kwenye benchi la dirishani. Kila majeruhi alikuwa ameandikiwa saa ya kufika na saa ya kuhudumiwa. Watu walikuwa wakiziandika saa hizo kila siku, na hakuna aliyewahi kuzisoma.

Hakutaka kujidanganya. Waliokatika vidole na waliochubuka aliwaweka pembeni, maana hao wangepona hata wangelala sokoni. Alichukua wazito peke yao: waliopondeka mapaja, waliochomwa visu kwenye vilabu vya pombe machimboni, waliogongwa na magari. Akawagawa. Waliohudumiwa ndani ya saa moja walikuwa themanini na wanane, wengi wao wakiwa wameletwa na gari la polisi lenyewe, fomu mkononi. Waliokufa humo walikuwa watano. Waliongoja zaidi ya saa tatu walikuwa sitini na mmoja. Waliokufa humo walikuwa ishirini na wawili.

Akarudia tangu mwanzo, akidhani amekosea. Hakuwa amekosea. Wa ishirini na mbili alikuwa Nkwabi.

Alizipeleka hesabu zile kwa mganga mkuu, Dakta Eustace. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi za mapema, na mikono yake ndiyo iliyokuwa bora kuliko yote wilayani kwa kushona. Aliisoma karatasi mara mbili.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Dakta. Kwenye ile semina ya Shinyanga mkufunzi alituambia kuwa hakuna sheria inayosema majeruhi angoje fomu. Fomu ni ya mahakama. Dawa haihusiki. Alisema kila hospitali itazame rejesta zake yenyewe, halafu iamue kwa inachokiona. Nimetazama."

"Mkufunzi amesharudi Dar es Salaam." Dakta aliikunja karatasi. "Mwaka tisini na moja nilimshona kijana mmoja bila fomu. Kumbe alikuwa jambazi. Nililala mahabusu siku mbili, Apolonia, na koti langu jeupe mwilini. Mke wangu aliniletea uji pale kaunta. Hakuna aliyekuja kusema hakuna sheria."

"Na hawa ishirini na wawili?"

"Hawa walikufa kwa majeraha yao."

"Walikufa kwa kungoja."

"Weka hiyo karatasi nyumbani," Dakta alisema taratibu. "Una watoto."

Hakuiweka nyumbani. Aliinakili kwa mkono mara nne, akapeleka nakala moja kwa mganga mkuu wa mkoa kwa basi, ndani ya bahasha aliyoifunga kwa plasta ya hospitali.

*

Siku kumi baadaye pikapu ya duka la Champaklal ilipinduka kwenye njia ya Bugarama. Sanket, mtoto pekee wa kiume wa mwenye duka, alikuwa kwenye usukani. Walimleta kichwa kimepasuka, mfupa mweupe ukionekana juu ya sikio. Matroni Klara mwenyewe alisukuma kitanda cha magurudumu. Dakta Eustace alitoka kwake anakimbia, kandambili miguuni, na kabla mama wa kijana hajamaliza kushuka garini, sindano ilishaanza kupita kwenye ngozi. Apolonia ndiye aliyeshika taa. Aliutazama mkono wa Dakta ukifanya kazi bila haraka na bila woga, akafikiri: kumbe unaweza.

Sanket alipona. Fomu ililetwa kesho yake na askari mwenye baiskeli.

Mama yake, Lataben, alikuwa akija naye kusafishwa kidonda. Alikuwa amezaliwa pale pale mjini, na Kisukuma chake cha sokoni kiliwachekesha wauguzi. Siku ya tatu Apolonia alimuuliza, huku akifungua bandeji:

"Mama Sanket, ile fomu ya polisi mliipata saa ngapi siku ile?"

"Fomu gani?"

Apolonia akamweleza. Hakumficha kitu. Alimsimulia habari za Nkwabi na mlango, na za wale sitini na mmoja. Lataben alisikiliza akiwa amemshika mwanawe bega. Walipomaliza hakuinuka.

"Kwa hiyo na mimi ningetakiwa kukaa pale nje," alisema, "nimtazame."

"Ndiyo."

"Na sikukaa kwa sababu gani?"

Apolonia alikusanya bandeji chafu. Lataben alijifunga vizuri mtandio, akatazama verandani ambako watu walikuwa wamekaa kwenye sakafu.

"Hao wakubwa wa hospitali hukutana lini?" aliuliza.

*

Mkutano ulikuwa mwezi Machi. Haukuitishwa kwa ajili ya hesabu za Apolonia. Uliitishwa kwa sababu barua ilikuwa imefika kutoka mkoani: wageni wafadhili watapita kwenye hospitali za mkoa kuona ni ipi inayofuata mwongozo mpya wa kuwahudumia majeruhi, na itakayofanya vizuri itapewa gari la wagonjwa. Ndani ya barua, kama kiambatisho, ilikuwamo karatasi ya Apolonia, imepigwa chapa upya, bila jina lake.

Waliketi chumba cha mikutano: mwenyekiti wa bodi, mkuu wa kituo cha polisi, Dakta Eustace, Matroni Klara. Apolonia aliitwa aeleze zile namba, akaeleza akiwa amesimama, maana kiti hakikutosha. Lataben aliingia bila kuitwa, akasalimia kila mtu kwa heshima, akabaki mlangoni.

"Fomu inazuia uhalifu," mkuu wa kituo alisema. "Tukiiondoa, majambazi watajitibia hapa kama kwao."

"Afande, hatusemi iondolewe," Apolonia alisema. "Tunasema mtu atibiwe, kisha fomu ije. Jambazi naye akifa mnamhoji vipi?"

Mtu akacheka, akajizuia.

"Sista, unajibizana na nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Najibu swali, mheshimiwa."

Lataben akainua mkono. "Naomba na mimi niseme. Mwanangu aliletwa hapa bila karatasi yoyote. Dakta alimshona palepale, nami namshukuru. Leo mwanangu yuko dukani anapima sukari. Nataka kujua tu, kwa nini yule aliyeletwa juu ya mlango, yule Nkwabi, hakushonwa?"

Mwenyekiti alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtu aliyefiwa.

"Mama, usijisumbue. Mwanao alikuwa dharura."

Dakta Eustace alikuwa akiangalia mikono yake. Hatimaye yeye ndiye aliyesema, bila kuinua uso, kwamba kwa upande wa utabibu namba zile ni sahihi, na kwamba amekuwa akizijua hata kabla hazijahesabiwa. Mkuu wa kituo alikohoa. Mwenyekiti akakumbuka gari la wagonjwa.

Azimio likaandikwa: majeruhi yeyote aingiapo ndani ya hospitali atahudumiwa katika dakika thelathini, awe na PF3 au asiwe nayo. Matroni Klara alilisoma kwa sauti. Apolonia alitoka nje, akaegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu Februari, Nkwabi alipokufa, akalia. Lataben alisimama mbele yake, upande wa barabara, ili watu wasimwone.

*

Aprili na Mei zilikuwa njema. Bango lilichorwa ukutani mapokezi, maandishi ya bluu: MAJERUHI KWANZA. Mashuka mapya yalitandikwa. Majeruhi walioingia walihudumiwa kwa dakika ishirini, kumi na tano, kumi. Jambo la ajabu, walipungua, na karibu wote walifika tayari na fomu mkononi.

"Watu wameelimika," Matroni Klara alisema.

Apolonia aliamini. Alitaka kuamini. Mwisho wa Mei, ripoti ilipoandikwa kwamba tangu azimio lipite hakuna majeruhi hata mmoja aliyefia mapokezi, alipewa kalamu atie sahihi kama msimamizi wa mwongozo. Akaandika jina lake lote, Apolonia Masumbuko, kwa herufi zilizosimama. Barua ilimfikia kuwa siku ya wageni ndiye atakayesoma namba.

Siku mbili kabla ya wageni kufika alikuwa mapumzikoni. Alikwenda kuchukua unga mashineni, na kwa kuwa njia ya kawaida ilikuwa imejaa maji alizungukia nyuma ya hospitali, akatokea upande wa barabara kuu, ambako magari ya machimbo huingilia. Wauguzi hawakuwa na sababu ya kupita huko.

Kulikuwa na geti jipya, mabomba yaliyochomelewa na mnyororo. Nje yake, kando ya ua wa michongoma, walikuwapo watu saba. Mwanamke mmoja alikuwa amempakata mvulana mwenye mkono uliogeuka. Mzee alikuwa amelala kwenye mkokoteni. Juu ya nyasi palikuwa na mkeka uliokunjwa kufunika kitu, na nzi juu yake. Kwenye kiti alikaa mlinzi Masele, na daftari la shule mapajani.

"Shikamoo, sista," Masele alisema, akainuka upesi mno.

"Marahaba. Hawa ni nani?"

"Wanangoja fomu."

"Azimio linasema hakuna kungoja."

Masele alikuwa kijana mtaratibu, hakujua kusema uongo vizuri. "Wakiingia ndani hawangoji, sista. Ndiyo maana hawaingii. Nimeambiwa aliye na fomu nimfungulie, asiye nayo akae. Hapa si ndani."

Apolonia alitazama mkeka. "Na huyo?"

"Huyo jana jioni. Ndugu zake wamekwenda kutafuta gari."

"Ameandikwa wapi?"

Masele aligeuza daftari, akamwonyesha. Kurasa zile zilikuwa na mistari ya namba za fomu na majina. Waliokufa nje hawakuwamo. Hakuna aliyemwambia awaandike.

"Wako wangapi?"

"Sijahesabu, sista. Naomba usiniulize."

Alikaa chini kwenye nyasi, kando ya mfuko wa unga, akawauliza wale waliokuwa pale, mmoja mmoja. Muuza chai wa ng'ambo ya barabara aliwakumbuka kumi na mmoja waliofia pale. Kumi na mmoja, na jina lake mwenyewe likiwa chini ya ripoti.

Jioni hiyo alimfuata Dakta Eustace nyumbani kwake. Dakta alimsikiliza akiwa mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Ungependa nifanye nini?" aliuliza. "Gari la wagonjwa likija, wengi watapona. Hilo nalo lihesabu."

"Litawaleta mpaka wapi, Dakta? Mpaka getini?"

Alifunga mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha watoto.

*

Wageni walifika Alhamisi, magari mawili meupe, wakaingizwa kwa mlango wa mbele uliopambwa kwa matawi ya minazi yaliyotoka mbali. Mapokezi palikuwa pakinukia dawa ya sakafu. Vitanda vitatu vilikuwa vitupu, mashuka yamekunjwa pembe. Spika iliwekwa dirishani ili watumishi waliosimama uani wasikie. Matroni Klara alimkabidhi Apolonia karatasi.

"Soma polepole," alisema. "Na utabasamu."

Apolonia alisimama mbele ya kipaza sauti. Mgeni mmoja, mwanamke mzee mwenye miwani, alimtazama kwa moyo mwema, kalamu tayari. Apolonia akaiweka karatasi mezani.

"Namba hizi ni za uongo, na mimi ndiye niliyezitia sahihi," alisema, na sauti yake ikatoka nje dirishani mpaka uani. "Kuna watu wanakufa nyuma ya geti. Tangu Machi ni kumi na mmoja ninaowajua. Mkitaka kuwaona, twendeni. Ni hatua mia mbili."

Hakuna aliyeinuka. Mkalimani aligeuka kumtazama mwenyekiti, ajue atafsiri nini.

"Sista Apolonia amefanya kazi sana wiki hii," mwenyekiti alisema, akicheka. "Amechoka. Dakta, endelea wewe."

Apolonia hakungoja. Alibeba sinia la chuma lililoandaliwa kwa maonyesho, mikasi, gozi, nyuzi, chupa mbili za dripu, yote mapya. Akapita katikati ya viti vya wageni, akatoka. Matroni Klara alimfuata mpaka kwenye ngazi.

"Ukitoka na vifaa vya serikali huna kazi! Unasikia? Nitakuandikia leo hii!"

"Andika," Apolonia alisema bila kugeuka. "Na saa uiandike."

Masele alimwona anakuja, akafungua mnyororo kabla hajaambiwa. Nje walikuwa watano. Mmoja wao, kijana aliyeitwa Samwel, wa machimbo ya Bugarama, alikuwa amechanwa kinenani na bati la karasha, ile mashine ya kusagia mawe. Mwenzake alikuwa amemkandamiza kwa kofia. Apolonia alipiga magoti barabarani, akaiondoa kofia, damu ikaruka hadi kwenye kola yake. Akazamisha vidole viwili, akautafuta mshipa, akaupata, akaubana kwenye mfupa. Damu ikasimama.

"Shika chupa hii, inua juu," alimwambia yule mwenzake. "Wewe mama, nipe gozi. Hiyo, ndiyo hiyo. Masele! Njoo tumbebe, anahitaji kushonwa ndani."

Masele alipiga hatua moja. Nyuma yake sauti ya Matroni Klara ilimwita kwa jina lake lote, ikamkumbusha ana mke mjamzito nyumbani. Masele akasimama. Akamtazama Apolonia. Halafu akarudi ndani, akavuta mabomba, akazungusha mnyororo, na kufuli likalia.

"Fungua!" Apolonia alipiga kelele. "Masele, fungua!"

Kwenye spika Dakta Eustace alikuwa akisoma kwa sauti yake nzuri: tangu Machi, majeruhi mia moja na wanne, wastani wa kungoja, dakika kumi na mbili, waliofia mapokezi, hakuna. Makofi yakaanza, machache kwanza, kisha mengi.

Samwel alifumbua macho. Aliona ukuta mweupe ng'ambo ya geti, na mwanamke aliyevaa sare nyeupe.

"Sista," alisema, "tumefika hospitali?"

Apolonia hakuweza kuutoa mkono. Akiinua vidole, mtu huyu amekwisha. Akavua viatu kwa kusaidiana miguu, akajisogeza mpaka mgongo wake ukafika kwenye geti, na akaanza kulipiga teke kwa kisigino, teke moja baada ya jingine, mabomba yakilia, huku ndani makofi yakiendelea.